Jaribio la umemetuamo likigoma: ifuate chaji ilikokwenda

Rula iliyonyanyua vikaratasi jana mchana, leo asubuhi haivuti hata unyuzi. Jani la elektroskopu (chombo cha kuonyesha chaji: kofia ya chuma juu, fito chini yake, na jani jembamba la chuma linaloinuka chaji ikifika) linainuka vizuri, kisha linalala kabla mwalimu hajamaliza kueleza. Wanafunzi wanaandika daftarini kile ambacho kitabu kinasema kingetokea, na somo linaishia hapo. Hili linaniuma, kwa sababu jaribio lililogoma limebeba fizikia tele kwa anayejua pa kuangalia.

Pa kuangalia ni hapa: chaji haiumbwi wala haipotei. Ukisugua rula ya plastiki kwa kitambaa cha sufu, elektroni, chembe ndogo mno zenye chaji hasi, zinahama kutoka kwenye kitambaa kwenda kwenye rula. Rula inakuwa na chaji hasi, kitambaa kinabaki na chaji chanya ya kiasi kilekile. Kwa hiyo kila kasoro inayofuata naichunguza kwa swali moja: chaji ilikuwa wapi, na imepita njia gani?

Rula haivuti kitu

Anza na hali ya hewa. Tanga, Mombasa au Unguja wakati wa masika, hiki ndicho chanzo mara nyingi kuliko vingine vyote. Watu husema hewa yenye unyevu inapitisha umeme, lakini si hasa hivyo. Tatizo kubwa ni utando mwembamba wa maji unaojilaza juu ya plastiki. Ukichanganyika na chumvi ya jasho la vidole, utando huo unakuwa kipitishi, na chaji inatambaa juu ya rula hadi mkononi mwako na kushukia ardhini. Jaribio hilohilo linakubali bila taabu Dodoma wakati wa kipupwe, ambako ukivua sweta la nailoni usiku gizani unasikia linatatarika na kuona vicheche.

Dawa ni kukausha kila kitu: rula, kitambaa, uzi na vikaratasi vyenyewe. Kikausha nywele cha saluni kinafaa kuliko vyote. Kama hakipo, anika vifaa juani saa sita mchana, au viweke karibu na jiko la mkaa kwa umbali ambao plastiki haitalainika, kisha fanya jaribio vikiwa bado vina vuguvugu. Ukiweza kupanga ratiba, weka kipindi hiki alasiri badala ya asubuhi, maana unyevu hewani huwa umeshuka.

Kumekauka na bado hakuna kitu? Shuku mafuta na uchafu. Rula iliyoshikwashikwa muhula mzima ina tabaka la jasho. Ioshe kwa sabuni, uisuuze kwa maji mengi kwa sababu mabaki ya sabuni nayo yanapitisha, ikauke, halafu iwe inashikwa ncha moja tu. Nywele ni kitu kizuri cha kusugulia, ila zikiwa zimepakwa mafuta hazifai.

Kisha angalia kilichosuguliwa na kinachosugua. Vitu viwili vyenye tabia zinazokaribiana katika kutoa au kupokea elektroni vitabadilishana chaji kidogo sana. Sare ya tetroni na rula ya plastiki mara nyingi ni jozi dhaifu. Pamba nayo haisaidii sana, na juu ya hayo inanyonya unyevu. Tafuta sufu halisi au nywele kavu zisizo na mafuta. Kwa kioo, tumia hariri. Hapo kioo ndicho kitakachokuwa na chaji chanya.

Vidonge vilivyoning'inizwa havisogei

Umetundika vidonge viwili kwa nyuzi, umevichaji vyote kwa rula ileile, lakini havitengani. Kabla ya kulaumu chaji, pima uzito. Rula iliyosuguliwa hubeba chaji ndogo, kwa kawaida nanokulombi chache hadi makumi (kulombi ni kizio cha chaji, na nano ni sehemu moja ya bilioni). Tuseme kila kidonge kimepata nanokulombi 10, yaani kama elektroni bilioni 62 za ziada, na viko sentimita 3 kutoka kimoja hadi kingine. Sheria ya Coulomb inasema kani, yaani nguvu ya kuvuta au kusukuma, kati ya chaji mbili ni zao la chaji hizo kugawanya kwa mraba wa umbali, mara kigezo k. Hapa kani hiyo ni nyutoni 0.001. Kidonge cha gramu 0.1 kina uzito wa nyutoni 0.001 hivi, kwa hiyo uzi wake utainama karibu digrii 45 na darasa zima litaona. Kidonge cha gramu 10 kwa chaji ileile na umbali uleule kitainama kwa zaidi kidogo ya nusu digrii. Hakuna atakayeona kitu, ingawa kani ni ileile.

Tumia basi kipande kidogo cha lile boksi jeupe jepesi la kufungia televisheni, kivike karatasi ya aluminiamu, ukitundike kwa mshipi mwembamba wa nailoni wa kuvulia samaki, uliokauka. Uzi wa pamba ni njia ya kutorokea chaji, hasa Pwani.

Kuna lalamiko jingine hapa: "Kidonge chenye chaji kubwa kinapaswa kuinama zaidi, mbona vimeinama sawa?" Vimeinama sawa kwa sababu kani inayokisukuma kimoja ni sawa kabisa na inayokisukuma kingine, hata kama cha kwanza kina chaji mara tano ya cha pili. Fomula imebeba zao la chaji zote mbili. Hakuna mahali inapouliza ipi ni ya nani. Ukiona kimoja kimeinama zaidi, kipime kwenye mizani: hicho ndicho chepesi.

Vikaratasi vinarukia rula, kisha vinafyatuka

Hii si kasoro. Chukua vipande vya karatasi ya aluminiamu, vidogo kama punje ya mchele, uviweke mezani, kisha ushushe rula iliyochajiwa polepole. Kipande kitasimama kwanza kwa ncha, kitetemeke, kiruke na kugusa rula, halafu papo hapo kitupwe chini. Kikigusa meza ya chuma kinaruka tena. Kilipokuwa mezani kilivutwa bila kuwa na chaji ya ziada. Kilipogusa rula kilipokea elektroni, kikawa na chaji hasi kama rula, kikasukumwa. Kilipogusa meza kilizimwaga, mchezo ukaanza upya. Vikaratasi vya kawaida hung'ang'ania muda mrefu kabla ya kufyatuka kwa kuwa karatasi hupokea chaji polepole.

"Vimevutana, kwa hiyo vina chaji tofauti"

Kosa hili liko katika kichwa cha mtazamaji, na nadhani ndilo linaloharibu somo hili kuliko unyevu. Rula ilivuta vikaratasi ambavyo havikuwa na chaji ya ziada. Huvuta ukuta, huvuta mchirizi mwembamba wa maji ya bomba. Kuvutana hakuthibitishi kwamba vitu vyote viwili vimechajiwa.

Sababu yake iko ndani ya sheria ya Coulomb yenyewe. Rula yenye chaji hasi ikikaribia kipande cha aluminiamu, elektroni za kipande zinakimbilia upande wa mbali, na upande wa karibu unabaki na chaji chanya. Upande wa karibu unavutwa, upande wa mbali unasukumwa. Lakini kani hupungua kwa mraba wa umbali: umbali ukiwa mara mbili, kani inabaki robo. Upande wa karibu unashinda, na kipande chote kinavutwa. Kwenye karatasi, ambayo ni kihami, yaani kitu kisichopitisha umeme kirahisi, elektroni hazikimbii mbali. Zinasogea kidogo tu ndani ya kila molekuli, ila matokeo ni hayohayo kwa nguvu ndogo zaidi.

Ushahidi wa kuaminika ni kusukumana. Vitu viwili vikisukumana, vyote vina chaji, na ya aina moja. Kwa hiyo jaribio la kutambua aina ya chaji lisikubaliwe mpaka msukumo uonekane. Sogeza rula taratibu kutoka mbali, kwa sababu kipo kisa kinachowachanganya hata waliobobea: kidonge chenye chaji hasi kidogo, kikikaribiwa mno na rula yenye chaji hasi nyingi, kinaweza kuacha kusukumwa na kuanza kuvutwa. Elektroni zake zimesukumiwa upande wa pili, na kwa ukaribu ule mvuto wa upande wa mbele umeushinda msukumo. Anayeanza kutazama rula ikiwa tayari imefika karibu atasema chaji ni tofauti, na atakuwa amekosea.

Fimbo ya chuma haichajiki

Inachajika, ila chaji inaondoka kupitia mkono wako kasi kuliko unavyosugua. Ichomeke kwenye kipande cha bomba la PVC kilichokauka, ushike bomba, usugue tena bila kugusa chuma.

Jani la elektroskopu haliinuki, au linashuka

Usiridhike kuandika kwamba jani limeshuka. Tazama lilivyoshuka, maana mwendo wake unakutajia njia ya chaji.

Kama haliinuki kabisa, kwanza isogeze rula iliyochajiwa karibu na kofia ya juu bila kugusa. Jani likiinuka, na likalala ukiondoa rula, elektroskopu ni nzima. Tatizo ni namna unavyohamisha chaji. Plastiki ni kihami: ukigusa kofia kwa nukta moja, unachukua chaji ya nukta hiyo tu, ya sehemu nyingine inabaki ilipo. Ikokote rula kwa urefu wake kwenye ukingo wa kofia, ukiizungusha, ili kila sehemu iguse. Jani lisipoinuka hata rula ikiwa karibu, angalia kama limegandia kwenye fito, au kama fito imegusana na kitu kinachofika ardhini.

Likiinuka na kushuka polepole, lawama ni ya kizibo kinachoshikilia fito. Elektroskopu za kutengeneza wenyewe kwa chupa ya jemu mara nyingi zina kifuniko cha ubao au boksi, na vyote viwili vinanyonya unyevu. Toboa tundu pana zaidi, pitisha waya wa shaba katikati, kisha mimina nta ya mshumaa iliyoyeyuka izunguke waya wote. Nta ya mshumaa ni kihami kizuri mno na haipendi maji. Kwa gharama ya mshumaa mmoja, chombo kilichokuwa kikizimika upesi kinaweza kushika chaji kwa muda wa kutosha kufundishia.

Likianguka ghafla, tafuta mguso, ncha kali au moto. Waya uliokatwa ukaachwa na ncha unamwaga chaji hewani, kwa sababu uga wa umeme, yaani eneo ambamo chaji inasukuma au kuvuta nyingine, huwa mkali sana kwenye ncha. Ukunje uwe kitanzi au uuvike kifuniko cha mviringo. Moto nao ni wa kuangaliwa. Washa kiberiti sentimita chache kutoka kwenye kofia bila kuigusa: jani linalala. Ndimi za moto zimejaa ioni (atomu au molekuli zenye chaji), na ioni zenye chaji kinyume zinavutwa kwenye kofia na kuifuta chaji yake. Mshumaa unaowaka mezani kwa ajili ya shughuli nyingine unatosha kuharibu jaribio zima.

Ukishayaziba yote hayo, jani bado litashuka, taratibu sana. Coulomb mwenyewe, mhandisi wa jeshi la Ufaransa aliyepima kani hizi kwa mizani ya msokoto mwaka 1785, alilazimika kuzingatia chaji iliyokuwa ikivuja wakati wa vipimo vyake. Zaidi ya karne moja baadaye wanafizikia walikuwa bado wanauliza kwa nini elektroskopu iliyofungwa vizuri inavuja. Tarehe 7 Agosti 1912, Victor Hess wa Austria alipanda na vyombo vyake kwenye puto hadi zaidi ya mita 5,000 na kukuta hewa ya kule juu ina ioni nyingi kuliko ya chini. Mionzi inayozalisha ioni hizo ilikuwa inatoka angani, nje ya dunia. Ugunduzi huo ulimpa Tuzo ya Nobel mwaka 1936. Yeye na wenzake walikuwa na swali lilelile la mwanafunzi aliye mbele ya chupa ya jemu, na hawakukubali kuliacha.

Kuchaji bila kugusa kumeshindikana

Hatua ni nne: leta rula karibu na kofia, gusa kofia kwa kidole, ondoa kidole, ondoa rula. Jani linainuka, linalala, linabaki limelala, kisha linainuka tena. Lisipoinuka mwishoni, karibu kila mara mtu ameondoa rula kabla ya kidole. Elektroni zilizosukumwa na rula zikaenda ardhini kupitia kidole zimerudi kwa njia ileile. Na kama aina ya chaji imekushangaza, kumbuka kwamba kwa njia hii elektroskopu inapata chaji kinyume na ya rula. Kilichohama kimehama kati ya kofia na mwili wako. Rula haikutoa kitu, na unaweza kuitumia tena bila kuisugua.

Jibu la hesabu haliingii akilini

Hapa kiasi cha kukosea ndicho kinachofichua kosa. Chukua chaji mbili, mikrokulombi +2 na mikrokulombi −3 (mikro ni sehemu moja ya milioni), zikiwa sentimita 30 mbalimbali. Kigezo k ni 9 × 10⁹ katika vizio vya nyutoni, mita na kulombi. Jibu sahihi:

F = 9 × 10⁹ × (2 × 10⁻⁶) × (3 × 10⁻⁶) ÷ (0.3)² = nyutoni 0.6, na zinavutana.

Ukipata 0.18, hukupiga mraba wa umbali. Hili ndilo kosa ninaloliona zaidi, na ni gumu kulinasa kwa sababu jibu linaonekana la kawaida. Ukipata 0.00006, umeacha sentimita bila kuzigeuza kuwa mita. Jibu limepungua mara 10,000 kamili, kwa kuwa 100 imepigwa mraba. Ukipata 6 × 10¹¹, umesahau "mikro" kwenye chaji zote mbili. Jibu likizidi mara milioni moja, ama umesahau "mikro" kwa chaji moja, ama swali lilisema nano nawe ukasoma mikro kwa zote mbili.

Kwa kukagua haraka, kumbuka kwamba kulombi 1 na kulombi 1 zikiwa mita 1 mbalimbali zingesukumana kwa nyutoni bilioni 9, uzito wa zaidi ya tani 900,000. Jibu la namna hiyo kwa vidonge vya darasani lirudishwe lilikotoka.

Kuhusu alama za chanya na hasi, ushauri wangu ni kutoziingiza kwenye fomula. Tafuta ukubwa wa kani kwa namba tupu, halafu amua uelekeo kwa kuchora: aina moja zinasukumana, aina tofauti zinavutana. Wanaoingiza alama hupata "nyutoni −0.6", kisha zikifika chaji tatu wanajumlisha hasi zisizokuwa na uelekeo wowote.

Swali la mahali ambapo kani ni sifuri lina mtego wake. Mikrokulombi +4 na mikrokulombi +1 ziko sentimita 30 mbalimbali. Chaji ya tatu ikae wapi isisukumwe upande wowote? Mlinganyo unatoa majibu mawili kutoka kwenye chaji kubwa: sentimita 20 na sentimita 60. Mahali pote pawili kani mbili zina ukubwa sawa. Lakini kwenye sentimita 60, nje ya chaji zote mbili, kani zote zinaelekea upande mmoja na zinajumlishana. Ni sentimita 20 tu, katikati yao, ambapo zinakabiliana. Hapo ndipo mchoro unapofanya kazi ambayo aljebra haiwezi.

Unapigwa shoti ukigusa mlango wa gari

Mpaka hapa tumehangaika kuizuia chaji isiondoke. Hapa imekosa njia ya kuondoka. Umeteleza kwenye kiti cha gari, hewa ni kavu, viatu vina soli ya mpira. Chaji imebaki mwilini hadi kidole kilipokaribia chuma. Hewa huvunjika na kuruhusu cheche uga wa umeme ukifika kama volti milioni 3 kwa mita. Shoti unayoihisi huwa ya kuanzia volti 3,000 hivi, ila chaji yake ni ndogo mno kukudhuru. Shika bodi ya gari kwa mkono ukiwa bado unainuka kitini, na chaji itaondoka taratibu. Kwa wenzetu wa Ulaya na Marekani kwenye majira ya baridi, ambako vyumba vinapashwa joto na hewa inakauka, tabia hii inaokoa vidole kila siku.

Kwenye kituo cha mafuta sitaki mtu alichukulie jambo hili kirahisi. Mwili wenye uwezo wa kuhifadhi chaji wa pikofaradi 100 ukiwa na volti 3,000 umebeba nishati ya milijuli 0.45. Mvuke wa petroli uliochanganyika na hewa kwa kiwango kibaya unahitaji kama robo ya milijuli kuwaka. Ukitoka garini gusa chuma kabla ya kushika pampu, na usirudi kukaa kitini wakati mafuta yanaingia. Petroli inayotiririka yenyewe huzalisha chaji, na dumu la plastiki haliachii chaji hiyo iende popote. Kwa hiyo usijaze dumu likiwa kwenye buti au nyuma ya pikapu yenye zulia la plastiki. Lishushe chini, mdomo wa pampu uguse mdomo wa dumu muda wote, na mafuta yaingie polepole. La chuma ni salama zaidi kuliko la plastiki, mradi nalo liwe limekaa ardhini.